Namna ya Kusema kwa Kiingereza Kwamba Unakaa, Unabaki au Unaishi Mahali

Mtu wa Nairobi hukaa Kayole, hukaa kwenye kiti cha matatu, hukaa wiki mbili kwa shangazi yake Nakuru, hukaa kimya akikasirika, na akichelewa dukani huulizwa mbona amekaa sana. Nguo mpya humkaa vizuri, rangi ya ukuta haikai kwa sababu ya unyevu, na maziwa hayakai bila friji. Kitenzi hiki kimoja kinatosha kwa mambo hayo yote, wala msikilizaji hapotei, kwa kuwa maneno yanayokizunguka humwonyesha maana iliyokusudiwa. Kiingereza hakina kitenzi chenye upana huo. Kila moja ya kazi hizo ina neno lake, na ndiyo sababu mtu aliyekisoma Kiingereza vizuri shuleni bado hukwama anapotaka kueleza jambo dogo kama mahali anapolala.

Ninaandika kwa ajili ya msomaji ambaye Kiingereza anacho, ila anataka kukitumia kwa usahihi: anayekwenda kwenye usaili wa kazi ya hoteli, anayejaza fomu ya viza, anayewapokea wageni nyumbani kwake au anayemwandikia barua mwajiri aliye ng'ambo. Ushauri wangu wa kwanza ni kwamba usikitafsiri kitenzi kukaa. Jiulize kwanza unasema nini hasa. Je, hayo ni makazi yako au umefika tu kwa muda? Je, wengine wameondoka nawe ukasalia? Je, unazungumza na jirani au unajaza karatasi ya serikali? Ukishajua jibu, neno la Kiingereza huja lenyewe.

Makazi na ziara

Neno la makazi ni "live", na neno la kuwa mahali kwa muda ni "stay". Unapolipa kodi ya nyumba, unapoweka vitanda na sufuria zako, unaporudi kila jioni, hapo ndipo "you live". Ukienda kwa ndugu yako kwa siku chache, ukilala hotelini wakati wa semina, au ukihifadhiwa kwa rafiki mabomba ya kwenu yanapotengenezwa, hapo "you are staying". Sentensi hii inayabeba yote mawili, na inafaa kuandikwa daftarini: "I live in Kasarani, but this week I am staying with my brother in Rongai." Makazi ni Kasarani, na Rongai ni mahali pa kulala kwa wiki moja.

Najua kwamba Nairobi nzima husema "I stay in Kasarani" kwa maana ya makazi, na huuliza "Where do you stay?" kwa maana ya unakaa wapi. Sikubaliani na walimu wanaoliita hilo kosa tupu. Waskoti husema vivyo hivyo, na matumizi hayo yapo pia India na Afrika Kusini, kwa hiyo Mkenya hayuko peke yake. Shida ni kwamba Waingereza wa London na Wamarekani wengi huelewa tofauti. Mgombea kazi akimwambia mwajiri wa aina hiyo "I stay in Umoja", huyo mwajiri anaweza kudhani kwamba mtu huyu hana makao ya kudumu, au kwamba amekuja mjini kwa ajili ya usaili tu. Basi katika mazungumzo ya kwetu endelea na "stay" bila wasiwasi, lakini katika maandishi, katika usaili na mbele ya mgeni, tumia "live".

Hapa inazuka shida ya matamshi ambayo ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Kiswahili kina irabu moja tu ya i, ilhali Kiingereza kina mbili zinazokaribiana, na ndizo zinazotenganisha "live" na "leave". Mswahili akisema "I live here" kwa i yake ya kawaida, msikilizaji wa Kiingereza husikia kwamba anaondoka hapa, yaani kinyume kabisa cha alichokusudia. Irabu ya "live" ni fupi na legevu: ulimi haupandi juu sana, midomo haivutwi pembeni, na sauti huelekea e kidogo. Irabu ya "leave" ni ndefu, na midomo huvutwa kama mtu anayetabasamu. Jizoeze kwa kuyatamka maneno haya mawili kwa zamu, moja likiwa fupi na jingine refu, mpaka mtu mwingine aweze kukuambia umesema lipi bila kukutazama.

Sarufi nayo hukusaidia ikiwa matamshi yamekushinda. "Live" hudai kihusishi kama "in" kabla ya jina la mahali, na "leave" haikitaki. "I live in Donholm" na "I leave Donholm at six" haziwezi kuchanganywa ikiwa hicho "in" kimetamkwa waziwazi, kwa hiyo usikimeze. Wala usisahau kwamba "at six" ya asubuhi ni saa kumi na mbili kwetu.

Vihusishi, ambavyo Kiswahili kina vichache

Kwetu kiambishi "-ni" na neno "kwa" vinatosha. Kiingereza hutaka uchague, na uchaguzi hufuata ukubwa na aina ya mahali. Mji, mtaa na nchi huchukua "in": "in Nairobi", "in Buruburu", "in Kenya". Barabara kwa Mwingereza wa kisasa na kwa Mmarekani aghalabu hutofautiana, mmoja akisema "in" na mwingine "on" anapotaja njia ndogo, lakini barabara kuu kama Ngong Road huchukua "on" kwa wote, na ndiyo ninayopendekeza. Ghorofa pia huchukua "on": "on the third floor". Namba ya nyumba na jina la hoteli huchukua "at".

Mtu naye huchukua "with". Kwa shangazi ni "with my aunt", au "at my aunt's" ikiwa unaitaja nyumba yake kuliko yeye mwenyewe. Tofauti hiyo ni ndogo lakini ina maana: unaweza kulala "at my aunt's" hata kama shangazi mwenyewe amesafiri, lakini "with my aunt" ina maana kwamba mko pamoja. Usiseme kamwe "stay to my aunt".

Neno la nyumbani lina tabia yake. Waingereza husema "stay at home", na Wamarekani mara nyingi huiacha "at" wakasema "stay home". Zote mbili ni sahihi. Huko hospitalini, Mwingereza husema "he stayed in hospital for a week" bila "the", na Mmarekani huitia. Sisi tumefundishwa kwa desturi ya Uingereza, kwa hiyo "in hospital" inatosha. Kumbuka pia kwamba kulazwa kwenyewe ni "to be admitted", na siku ulizolala wodini, kwenye karatasi za bima, huitwa "length of stay".

Umekaa tangu lini, na utakaa mpaka lini

Kiswahili husema "Ninakaa hapa tangu 2015" kwa wakati uliopo, na sentensi inakamilika. Ukiihamisha neno kwa neno utapata "I am living here since 2015", sentensi ambayo husikika sana mjini na ambayo mtahini yeyote ataitia alama nyekundu. Kiingereza hutaka kitenzi kinachounganisha wakati uliopita na sasa: "I have lived here since 2015", au "I have been living here since 2015". Neno "since" hufuatwa na mwanzo, yaani mwaka, mwezi au tukio. Neno "for" hufuatwa na urefu: "for ten years", "for three weeks". Ukimaliza kukaa na ukahama, kitenzi hurudi kwenye wakati uliopita: "I lived in Eastleigh for four years" ina maana kwamba hauko tena Eastleigh.

Kuna maswali mawili yanayofanana sana na yenye majibu tofauti kabisa, na mtu akiyachanganya mbele ya afisa wa uhamiaji hujiletea maswali mengine kumi. "How long have you been here?" huuliza umeshakuwapo kwa muda gani hadi sasa. "How long are you here for?" huuliza jumla ya muda uliopanga, pamoja na siku zijazo. Tuseme umefika London Jumatatu, leo ni Jumatano, na tiketi yako ya kurudi ni ya Jumatatu ijayo. Swali la kwanza jibu lake ni "two days", na la pili ni "a week". Sikiliza kitenzi: ukisikia "have you been", jibu yaliyopita, ukisikia "are you" na "for" mwishoni, jibu mpango mzima. Huyo afisa anaweza pia kusema "How long are you staying?", nayo huelekea siku zijazo vilevile.

Maneno "until" na "by" huwasumbua wengi kwa sababu Kiswahili mara nyingi hutosheka na "mpaka" na "kabla ya". "I am staying until Friday" ina maana kwamba nitaendelea kuwapo hadi Ijumaa ifike. "I must leave by Friday" ina maana kwamba Ijumaa ndiyo ukomo, na ninaweza kuondoka hata Jumatano. Mmarekani huwa na "through Friday", ambayo huijumuisha Ijumaa yenyewe hadi mwisho wake, na ni vyema ujue hilo unapomwekea nafasi mgeni kutoka huko.

Mapokezi ya hoteli

Kwa kuwa vijana wengi wa Nairobi hupata kazi ya kwanza kwenye dawati la mapokezi, au huendesha vyumba vya kukodisha kwa siku huko Kilimani na Westlands, nitalitazama dawati hilo kwa karibu. Mgeni anafika Ijumaa mchana, na mazungumzo huenda hivi:

"Good afternoon, madam. How long will you be staying with us?"

"Just two nights, until Sunday."

"And will that be bed and breakfast, or half board?"

Katika mistari hiyo mitatu mna mambo ya kujifunza. Mpokezi hakusema "How long will you stay?" ambayo ni sahihi lakini kavu, "will you be staying" husikika kwa upole zaidi, na "with us" humfanya mgeni ajihisi amekaribishwa. Mgeni alihesabu usiku, hakuhesabu mchana. Sisi tungesema anakaa siku tatu, Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, lakini hoteli hutoza usiku wa Ijumaa na wa Jumamosi tu. Ukimwandikia "three days" kwenye risiti, mtabishana kuhusu fedha. Neno "board" nalo halihusu ubao. Hapa maana yake ni chakula: "half board" ni kifungua kinywa pamoja na mlo mmoja mkuu, kwa kawaida cha jioni, na "full board" ni milo yote mitatu. Ndiyo maana ile ile iliyomo katika "boarding and lodging", maandishi yaliyowapa watu wa mjini neno lojing: "board" ni kula na "lodging" ni kulala. Mwanafunzi wa bweni huitwa "boarder" kwa mantiki hiyo hiyo.

Mgeni akitaka kuongeza siku husema "I'd like to extend my stay", na hapo "stay" ni nomino. Jibu zuri la mpokezi ni "Certainly, until when would you like to stay?" Na unapomkumbusha saa ya kuondoka, sema "Check-out is by ten", ukijua kwamba ni saa nne asubuhi, wala usiitafsiri kichwani ukamwambia saa nyingine.

Kubaki: "remain" na "left"

"Remain" ni neno la kusalia. Ndani yake mna wazo kwamba wengine wameondoka au hali nyingine imebadilika, nawe au kitu hicho bado kipo. Kwa sababu hiyo "I remain in Buruburu" haifai kueleza makazi. Msikilizaji atauliza ni nani aliyehama akakuacha. Neno hili lina sura ya urasmi, na hupatikana katika matangazo, sheria na ripoti. Ndani ya ndege utasikia "Please remain seated". Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 49, humpa aliyekamatwa haki ya "to remain silent", na mwandishi wa sheria asingeandika "to stay silent" ingawa maana ni ile ile. Nyumbani kwako, ukiwatuliza watoto, "stay quiet" ndiyo inayofaa.

Vitenzi hivi viwili hufuatwa na kivumishi, si kielezi: "stay calm", "remain open". Usiongeze "-ly".

Mazoea ya Nairobi yanayohitaji kurekebishwa zaidi yako hapa. Tunasema "Nimebaki na mia mbili", kisha tunaihamisha ikawa "I have remained with two hundred". Mkenya mwenzako ataelewa, lakini mgeni atashangaa. Kiingereza husema "I have two hundred shillings left". Chapati tatu zimebaki jikoni: "There are three chapatis left." Zimebaki dakika kumi: "There are ten minutes left," au "We have ten minutes left." Hilo neno dogo "left" mwishoni ndilo linalobeba maana yote ya kubaki, na ukilizoea utaona linakuondolea taabu nyingi. Katika maandishi rasmi unaweza kusema "Two questions remain", ambapo vitu vyenyewe ndivyo vinavyobaki. Mtu kubaki na vitu kwa kutumia "remain with" ndiko kusikokubalika.

Tahadhari moja ya adabu: chakula kilichobaki ni "leftovers". Usikiite "remains", kwa sababu neno hilo, likiwa nomino, ndilo linalotumiwa katika matangazo ya vifo kuutaja mwili wa marehemu. Na usidanganywe na mfanano wa "remain" na "remand". Mahabusu wa gereza la Industrial Area yuko "on remand". Asili ya neno hilo ni kurudishwa kizuizini kungoja kesi.

Kukaa ambako si kukaa mahali

"Nimekaa sana bila kukuona" huzaa "I have stayed for long without seeing you", na katika Kiingereza cha wenyewe hakuna kukaa kokote hapo. Wao husema "I haven't seen you for a long time" au "It's been a long time". Mtoto aliyetumwa dukani akachelewa hakaribishwi kwa "You have stayed", bali "What took you so long?" Anayeonekana mgonjwa, ambaye kwetu anakaa mgonjwa, ni "He looks ill". Nguo ikikukaa ni "It fits you" kama ni kipimo, na "It suits you" kama ni uzuri. Maziwa yasiyokaa ni "Milk doesn't keep". Rangi isiyokaa ukutani ni "The paint won't stay on", na hapa kwa nadra "stay" hurudi.

Mgeni anapoingia ndani nasi tukamwambia "Karibu, kaa", tunamkaribisha kitini, kwa hiyo sema "Please have a seat". Ukisema "Please stay" utakuwa umemsihi asiondoke, na hilo husemwa pale anapoinuka kuaga. Kwa desturi yetu mgeni haachiwi aende na njaa, na Kiingereza kina namna nzuri ya kulisema hilo: "Won't you stay for supper?", au "Do stay a little longer." Hilo "do" ni la kusisitiza kwa upendo, wala si amri.

Familia ya "stay" na vijineno vyake

"Stay" ikiunganishwa na kijineno kingine hubadilika maana, na vitabu vya shule huyaorodhesha maumbo hayo bila kueleza yanavyotumika. "Stay up" ni kutolala mapema: mwanafunzi wa kidato cha nne husema "I stayed up until midnight revising". Kukesha kwa maombi ni jambo zito zaidi, na hilo ni "to keep vigil" au "an all-night vigil". "Stay over" ni kulala kwa mtu usiku mmoja kwa sababu muda umekwenda. Ukiwa Githurai saa nne usiku na matatu zimepungua, mwenyeji wako atasema "It's late, why don't you stay over?" "Stay behind" ni kubaki wenzako wakiondoka, kama mwanafunzi anayebaki darasani kuzungumza na mwalimu. "Stay on" ni kuendelea na kazi au masomo baada ya wakati ambao ungeweza kuacha: "My contract ended in June, but they asked me to stay on." "Stay in" ni kutotoka jioni, na haimaanishi umekatazwa kutoka. "Stay put" ni kutosogea hapo ulipo, na ndiyo ya kumwambia rafiki aliyepotea katikati ya mji: abaki hapo hapo, unamfuata. Kushinda nyumbani ni "to spend the day at home", na kulala mahali ni "to spend the night". Hakuna kitenzi kimoja kinacholingana na kushinda kwetu, kwa hiyo usikitafute.

Uwe mwangalifu na "put up". "My uncle put me up for a month" ina maana kwamba mjomba alinihifadhi kwake mwezi mzima, na ni sentensi ya shukrani. Ukiongeza "with", ukasema "My uncle put up with me for a month", umesema kwamba alinivumilia, na huenda mjomba akasikitika.

Kuna pia maneno ya kubaki yenye lawama. "Hang around" ni kukaakaa bila shughuli, na "loiter" ni hivyo hivyo ila kwa lugha ya polisi na vibao vya ukutani. Ukimngoja mtu nje ya jumba fulani na mlinzi akakuuliza, jibu "I'm waiting for someone". "Stick around" haina lawama. Ni ombi la kirafiki kwamba usiondoke bado. "Linger" ni kukawia kwa kupenda, na hata harufu ya pilau huweza "linger" nyumbani.

Kwenye fomu na mbele ya sheria

Karatasi za serikali hupenda "reside", "resident" na "residence". Mdomoni "I reside in Lang'ata" husikika kama kauli ya mahakamani, kwa hiyo iache kwenye karatasi. Neno "resident" pia lina maana ya kisheria ambayo haitegemei unavyojiona. Kwa kodi ya mapato ya Kenya, mtu asiye na makao ya kudumu nchini huwa "resident" akiwapo siku 183 au zaidi katika mwaka husika, au akiwapo katika mwaka huo na katika kila mmoja wa miwili iliyotangulia kwa wastani unaozidi siku 122 kwa mwaka.

Sehemu ya anuani huwatatiza Wakenya wengi. Sisi tumezoea kutoa sanduku la posta, lakini fomu ya ng'ambo inayodai "residential address" inataka nyumba yenyewe: jina la jengo, namba ya mlango, barabara, mtaa. Sanduku la posta huandikwa penye "postal address" au "mailing address". "Current address" ni unapolala sasa. "Permanent address" ni makao unayoyahesabu kuwa ya kudumu, na kwa mtu aliyepanga Nairobi lakini mwenye boma mashambani, si vibaya kuandika la mashambani, mradi barua zikitumwa huko zimfikie.

Kwenye fomu ya viza, "intended length of stay" huuliza unakusudia kukaa muda gani, na jibu lako lilingane na tiketi na barua ya mwaliko. Nchi za Schengen huruhusu ziara fupi isiyozidi siku 90 ndani ya siku 180, na wao huiita "short stay". Ukipitiliza muda wako, umefanya "overstay". Neno hilo husemwa pia kwa mgeni wa nyumbani aliyewachosha wenyeji: "He overstayed his welcome."

Uingereza ina kifungu cha maneno ambacho humshtua kila anayekiona mara ya kwanza: "leave to remain". Mtu aliyefundishwa kwamba "leave" ni kuondoka na "remain" ni kubaki hujiuliza anaambiwa afanye lipi. Hapa "leave" ni nomino ya zamani yenye maana ya ruhusa, ile ile iliyomo katika likizo ya kazini, kwa kuwa likizo ni ruhusa ya kutokuwapo. Basi "leave to remain" ni ruhusa ya kubaki, na "indefinite leave to remain" ni ruhusa ya kubaki bila ukomo wa muda. Barua yenye maneno hayo ni habari njema.

Mahakamani "stay" hugeuka tena. "Stay of execution" ambayo magazeti huiandika kila mara kesi ya ardhi au ya uchaguzi inapokatiwa rufaa ni amri ya kusimamisha utekelezaji wa hukumu kwa muda, na Kanuni za Mwenendo wa Kesi za Madai za 2010 huishughulikia katika Amri ya 42. Hakuna anayenyongwa, wala anayekaa mahali.

Maneno ya kale kama "dwell", "abide" na "tarry" utayakuta katika Biblia ya Kiingereza ya 1611 na katika nyimbo za ibada, lakini usiyatumie kueleza mahali unapokaa leo. Mawili kati yake yangali hai katika kazi nyingine: "dwell on" ni kulirudiarudia jambo moja kwa mawazo au maneno, na "abide by" ni kuzifuata kanuni.

Zoezi

Ziandike sentensi hizi kwa Kiingereza bila kutazama juu, kisha ulinganishe. Kaka yangu anakaa Mombasa lakini wiki hii yuko kwetu. Tumekaa Pangani miaka sita. Wenzangu waliondoka, mimi nikabaki kufunga ofisi. Umebakiwa na pesa ngapi? Mbona umekaa hivyo, nilidhani umepotea!

"My brother lives in Mombasa, but he is staying with us this week." "We have lived in Pangani for six years." "My colleagues left and I stayed behind to lock up the office." "How much money do you have left?" "What took you so long? I thought you were lost!"